Kuungama kwenye kisiwa kidogo

Kuna maneno nimeyachoka: "Naomba tumwombee dada fulani, ila siwezi kusema ni jambo gani." Yakishasemwa hayo, umbea umepata baraka za kanisa. Kabla ya Jumapili Mbweni nzima inajua, na Jumatatu asubuhi habari imepanda daladala mpaka Darajani. Wakristo wa Unguja tu wachache. Tunasali pamoja, tunazikana, watoto wetu wanasoma darasa moja, na yule unayemfungulia moyo leo ndiye kesho anayekupimia mchele dukani.

Ndiyo maana siku zote nimewaelewa wazee wetu walivyopenda kuungama kwa padre. Sisi ni watoto wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyohamia Unguja mwaka 1864, ikanunua shamba hapa Mbweni mwaka 1871 na baadaye kuwaweka watumwa walioachiwa huru. Askofu Frank Weston, aliyeongoza dayosisi hii toka 1908 mpaka alipofariki 1924, alikuwa mtu wa kitubio hasa. Unapiga magoti, padre kavaa stola ya zambarau, kakutegea sikio wala hakutazami. Unasema, unaondolewa, unapewa malipizi, basi. Siri inazikwa palepale.

Mume wangu ni mtu wa Kagera, kalelewa na ndugu wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Kwao mtu alisimama katikati ya wenzake akataja alichoiba na alikokiiba, watu wakampokea kwa wimbo. Huwa ananiambia kwamba sisi wa pwani tuna haya nyingi kuliko toba. Mimi humjibu kwamba kwao kila mtu alikuwa na migomba yake imemzunguka. Hapa ukuta wa chumba changu ndio ukuta wa chumba cha jirani.

Na jirani mwenyewe, mama wa Kiislamu niliyekaa naye miaka, nilipata kumweleza habari hizi za kuungama tukichambua mchele barazani. Akashtuka. "Mungu keshakusitiri, wewe unakwenda kujivua nguo mwenyewe?" Nilicheka, lakini nikaona kasema kile nilichokuwa nashindwa kumweleza mume wangu.

Sasa mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zimeingiliana, mtaa mzima una njaa na subira yake. Alhamisi jioni tulikuwa kwangu akina mama watano, tumekaa mkekani, zaburi imeshasomwa, tunakaribia kuomba. Dada mmoja akasema ana neno. (Kanipa ruhusa niandike, mradi nisimtaje jina wala kazi.)

Yeye ni kijumbe, mkusanyaji wa hela za upatu wa mtaani: wanawake kumi, Waislamu kwa Wakristo, elfu hamsini kila mwezi. Mwanawe aliugua, hela ikamwishia, akachota elfu hamsini kwenye zamu ya mwenzake. Mwenye zamu alipouliza mbona pungufu, akajibu kuna mtu hajatoa. Akamtaja: mama mmoja anayeuza maandazi. Mama wa watu alikuwa katoa yote kwa wakati. Upatu ulipoanza upya, yule mama wa maandazi hakuitwa.

Alivyokuwa akisema, alikuwa anachomoa ukili pembeni mwa mkeka, mmoja baada ya mwingine, mpaka pakafumuka pana kama kiganja. Hakuna aliyemzuia, na mimi mwenye mkeka sikuweza kutazama pengine.

Mmoja wetu akaanza kuomba papo hapo, sauti juu, rehema na damu ya Mwanakondoo. Bibi, mkubwa wetu kwa umri, akamgusa goti. "Ngoja kwanza, mwanangu." Akamgeukia dada. "Kwa Padre ulikwenda?"

"Nilikwenda, Bibi. Kabla ya Jumatano ya Majivu."

"Hela?"

"Narudisha. Kidogo kidogo."

"Na yule wa maandazi?"

Kimya. Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele, na hata hapo hakuna aliyefungua mdomo.

Mimi pale ndipo nilipopata taabu. Sitara niliyokuwa nikiitetea mbele ya mume wangu ilikuwa ya mtu mmoja tu. Dada kasitirika kwa padre, kasitirika kwetu, na mwenzake yuko barabarani anaitwa mdhulumaji. Yakobo anasema tuungamiane sisi kwa sisi na kuombeana, aya ambayo kila kikundi cha maombi kinaijua kwa moyo. Ile ya Mathayo, ya kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, sikumbuki mara ya mwisho kuisikia kikundini. Kwenda kwa mtu kunachosha kuliko kuomba.

Kesho yake nikamwuliza jirani, bila majina, nikijua atasimama upande wa sitara. Wapi! "Hiyo tena haki ya mtu," akasema. "Hapo mpaka mwenyewe akusamehe." Akaendelea kumenya mihogo ya futari kana kwamba nimemwuliza kitu ambacho mtoto wa madrasa anakijua.

Bibi, Alhamisi ile, hakuhubiri. Alisema tu, "Jumamosi nitakwenda nawe," ndipo akaturuhusu kuomba, na sala yenyewe ikawa fupi. Nimeona watu wengi wakitiwa moyo kwa mistari ya Biblia iliyotumwa kwa simu, na ile mikono inayokunjwa pamoja. Huyu alitiwa moyo na bibi wa magoti mabovu aliyetembea naye juani, saumu mdomoni, mpaka kwenye karai la maandazi.

Walimkuta anakaanga ya futari. Hakuinuka. Alimsikiliza dada mwanzo mpaka mwisho huku anageuza maandazi, moja moja, asiunguze. Alipomaliza akasema: "Mimi nimekusamehe. Lakini nenda kawaambie wale wale uliowaambia."

Mume wangu aliposikia alifurahi mno, eti uamsho umefika Mbweni. Nikamkatalia. Hakuna aliyesimama mbele ya kanisa, na sioni kwa nini wanakwaya wajue habari za upatu wasioucheza. Uongo ulisemwa kwa watu wanane. Wanane hao ndio wanaodaiwa ukweli. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na bado tunabishana, maana yeye anaona kanisa lote lilistahili kumbeba dada huyo, na mimi nalijua kanisa letu.

Dada kaanza na mwenye zamu. Alikemewa vibaya, akarudi kwangu kulia, tukasali kidogo, akaenda kwa wa pili. Huyo wa pili alimpa maji ya kunywa na kumwambia alikuwa akihisi tangu zamani. Mpaka jana kawafikia watano, mara nyingi na Bibi, mara moja peke yake. Wawili wako Fuoni, atawakuta mwisho wa wiki. Wa nane yuko Wete, Pemba, kwenye msiba wa shangazi yake; dada hataki kumwambia kwa simu, anasubiri boti ya Jumatatu.