Lebo ya Ng'ombeni

Jana usiku kijana mmoja wa Mkoani, Pemba, kanitumia picha ya skrini, Bash, ile sheli inayosoma amri za kompyuta, inamlalamikia kuwa imefika mwisho na bado inatafuta alama ya kufungia, pale pale nikaikumbuka ile ofisi yetu ya Chake Chake na zile lebo za maboksi.

Skripti, yaani mafaili ya amri, tulizikuta mbili, aliyeziandika keshahama zamani. Ya kwanza inapokea majina ya vituo, inampa mwenzake, huyo wa pili ndo anatoa lebo kwenye printa. Wete ikatoka vizuri, Konde vizuri. Kufika Chake Chake zikatoka lebo mbili, moja Chake na nyengine Chake. Ng'ombeni haikutoka kabisa.

Mkubwa wetu akasema basi andikeni Ngombeni, toeni hiyo ritifaa, ile alama ya ', na Chake Chake iungeni kwa kistari, maboksi yaondoke. Lilinikera lile na mpaka leo linanikera, watu wa Ng'ombeni wana kosa gani hata jina lao likatwe kwa ajili ya skripti?

Dada mmoja tulokuwa tukikaa nae meza moja akavuta kibodi, hakusema kitu. Akaandika skripti ya mstari mmoja tu:

printf '<%s>\n' "$@"

Kazi yake kuonesha kila kilichoifikia, kila kimoja na mabano yake. Akaiweka mahali pa ile ya pili, akaiendesha. Ikatoka <Chake>, na chini yake <Chake>. Akaingia kwenye ya kwanza, akaikuta $*, maana yake vyote ulivyopewa, imekaa bila alama za mtajo, akaifuta akaandika "$@" na alama zake za mtajo, akaendesha tena. <Chake Chake>, mstari mmoja. Niliinama pua karibu iguse skrini, naitizama ile spesi baina ya Chake na Chake, imefika salama. Zile alama za mtajo ndo zinazoiambia sheli kila ulichopewa kipeleke kama kilivyo, usikikate penye spesi, na ukikuta nyota usiigeuze majina ya mafaili. Wala si jambo jipya, lilikuwemo tangu sheli ya Stephen Bourne iliyotoka na mfumo wa kompyuta wa Unix toleo la 7 mwaka 1979.

Ng'ombeni nayo ikafika na ritifaa yake, tukajua basi ugonjwa wake uko kwenye ile ya pili. Kweli, mle mna amri inaitwa eval, inaunga amri na jina halafu inayasoma yote upya kama amri, ile ritifaa ikahesabiwa mtajo umefunguliwa na wa kufungia haupo. Tukaitoa hiyo eval, amri ikaitwa moja kwa moja na "$jina".

Maboksi yakaondoka. Lakini kwenye faili la majina mkubwa alikuwa kashaanza kufuta, na baadhi ya orodha za siku zile zikaendelea kutumika hivo hivo, Ngombeni. Kijana nimemwambia aitafute eval kwanza kabla hajagusa jina la mtu wala la mahali. Kama mkubwa wake nae ana haraka, sijui kama atasikilizwa.