Usiku Tuliopwelewa Mlangoni mwa Kipini

Ilikuwa Septemba 1978, wakati wa demani, mwisho wa pepo za kusi, mwezi kumi na sita Mfunguo Mosi (Shawwal). Jahazi lilitoka Bandari ya Kale, Mombasa, na tani 30 hivi za saruji, sukari na mafuta ya taa, kwenda Kipini kwenye mdomo wa mto Ozi.

Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, katika pwani hii maji hujaa kama saa kumi, jioni na alfajiri. Ajuaye mlango wa Kipini huingia saa moja kabla ya hapo, ili chombo kikigusa fungu la mchanga, maji yanayopanda yakinyanyue. Sisi upepo ulilala karibu na Malindi, tukafika saa kumi na moja kasorobo, maji yakishaanza kupwa, yaani kushuka. La haki lilikuwa kutia nanga nje hadi alfajiri. Mwenye mzigo alikuwamo chomboni na hakutaka kungoja, basi tukajaribu kuingia; hilo ndilo kosa la kwanza.

Kosa la pili lilikuwa alama. Nahodha alilinganisha mnazi mmoja na pembe ya nyumba ya zamani ya serikali, alama ya mwaka uliotangulia. Lakini mafuriko ya masika hushusha mchanga, mawimbi ya kusi huurudisha, na mkondo wa kupita vyombo huhama. Baada ya kila masika lazima mtumbwi utangulie kupima upya. Kina hupimwa kwa bildi, kamba yenye risasi; pima moja ni mita mbili kasoro kidogo.

"Bildi yasemaje?"

"Pima moja na nusu, nahodha."

"Tia tena."

"Pima moja."

Hapo hapo omo, mbele ya chombo, ikagusa. Saruji ilikuwa imepangwa mbele mno, kwa hiyo omo ilikaa mchangani na tezi, sehemu ya nyuma, ikabaki inaelea. Mkondo ukaizungusha, tukawa ubavu kwa mawimbi. Hakuna hali mbaya kuliko hiyo, maana kila wimbi hunyanyua chombo na kukibwaga, na kalafati, pamba ya kuzibia, hutoka kwenye maungio ya mbao. Tanga likashushwa mara moja. Nanga kubwa ikapakiwa kwenye mtumbwi, ikatupwa upande wa bahari kama pima 40 mbele ya omo, na kamba ikakazwa mpaka chombo kikatazama mawimbi. Kisha mabaharia wakahamisha magunia kupeleka tezi, moja moja, huku wawili wakikumba maji ya ngama, yaliyokusanyika chini ndani ya chombo. Maji yalipokauka, magadi, miti ya kuegemezea chombo, yakatiwa pande zote mbili ili jahazi lisilale.

Kazi ikaisha kama saa tatu usiku. Kulikuwa na mbalamwezi, na fungu lote lilionekana jeupe kutoka upande hadi upande, na ufa mmoja tu wa maji ya hudhurungi. Mkondo wenyewe ndio huo, hatua mia mbili kusini mwetu.

Mlango ule zamani ulikuwa wa Ozi peke yake. Katika karne ya 19 sultani wa Witu alichimbisha mfereji wa Belezoni, kutoka Chara kwenye mto Tana hadi Ozi, ili mitumbwi yenye mpunga ifike Kau, mji ulio kwenye Ozi, bila kupitia baharini. Ulikuwa mfereji mwembamba. Mafuriko yakaupanua mpaka Tana yenyewe ikageukia huko, ikaja na mchanga wake wote. Wajerumani waliishika Witu kuanzia 1885, kisha mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 ukaiweka mikononi mwa Waingereza. Mwaka 1891 meli yao ya mvuke, Kenia, ilipanda Tana mbali sana, na wapo walioamini kwamba njia ya bara ingepita hapa. Reli iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Ziwa Viktoria 1901, na tamaa hiyo ikaisha. Mimi naamini hata bila reli, fungu lile lingewashinda: meli kubwa haingii mahali ambapo jahazi hupimiwa njia kila mwaka.

Maji yalirudi. Saa tisa unusu usiku magadi yalitolewa, watu wote wakashika kamba ya nanga, na jahazi likateleza nyuma ya mawimbi hadi maji makuu. Kulipokucha mtumbwi ukatangulia na bildi, tukaingia.

Kule kupakua, magunia 14 ya saruji yalikuwa yamelowa ngamani na kuwa mawe, kila moja na umbo la gunia lake, hata mshono ukionekana. Yaliachwa ukingoni, palipofungwa madau, na watu wakayafanya ngazi ya kushukia mtoni.