Asubuhi niliyosema gari si langu

Siku nilipolileta lile gari nyumbani, Shemeji aliniambia, "Shem, hilo bado la wenye hela. Wewe dereva wao tu." Tukacheka. Picha niliyomtumia Mama Tanga, nimeegemea boneti, haikuwa na maelezo hayo. Mama akalifanyia kisomo.

Ilikuwa Juni 2017, London ya mashariki. Gari dogo, lililokwisha tumika, mkataba wa miezi 48. Mpaka nimalize malipo yote, pamoja na pauni 10 za mwisho za kuhamisha umiliki, mwenye mali ni kampuni ya mkopo. Sikujali. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee majumbani mwao, na mzee wangu wa kwanza wa siku, bibi mmoja, alinisubiri saa moja asubuhi nimpe dawa.

Asubuhi moja ya Novemba 2019, saa kumi na mbili na dakika ishirini, kiza bado kimetanda, nilikuta gurudumu la mbele limefungwa klampu ya manjano, chuma cha kuzuia gari lisiondoke. Kando yake amesimama mwanamume mwenye kamera ndogo kifuani. Bailifu, kwetu tungemwita dalali wa mahakama. Gari lake lina kamera zinazosoma namba za magari yaliyoegeshwa, na namba yangu ilikuwa kwenye orodha.

Alisema nadaiwa pauni 513.

Nikadhani amekosea gari. Akanisomea. Mwezi Mei niliegesha kwenye mtaa wa wakazi wenye vibali tu. Faini pauni 130. Ningelipa ndani ya siku 14, ingekuwa 65. Kwa kutolipa ikapanda hadi 195. Ikaja ada ya mahakama, 8. Kisha ada za bailifu: 75 kwa kufungua jalada na kuandika barua, 235 kwa kufika. Mei ile sikukuta karatasi yoyote kwenye kioo, na barua sikupata hata moja. Nikamwuliza zilitumwa wapi. Akataja nyumba niliyohama Februari.

Miguu ikanilegea, maana hapo nilijua kosa ni langu. Nilipohama nilibadilisha anwani kwenye leseni ya udereva, nikaamini nimemaliza. Kumbe logibuku, yaani kadi ya gari, hubadilishwa peke yake, ingawa zote mbili zinatoka DVLA, mamlaka ya leseni na magari ya huku. Miezi yote ile barua zilikuwa zikiangukia mlango wa watu wengine.

Nikampigia Shemeji, anayeendesha teksi. "Usilipe bado, Shem. Wakishafunga klampu hawaruhusiwi kulivuta kabla ya masaa mawili. Mwambie gari lina mkopo, si lako. Mwonyeshe mkataba."

Sikutegemea maneno hayo yangenikwama kooni. Nilikuwa nimelipa miezi 29 bila kuruka hata mmoja, mwingine nikiumaliza kwa ugali na maharage. Nimeliosha kwa mikono yangu, Mama kalisomea. Jirani wa mbele alikuwa amefunua pazia. Nikasema, "Gari si langu." Hakunisikia, ikabidi nirudie kwa sauti.

"Logibuku ina jina lako," akajibu. Nikamwambia logibuku yenyewe imeandikwa kwamba si ushahidi wa umiliki. Akasema basi, kwa miezi 29 niliyolipa, nina haki yangu ndani ya gari, na haki hiyo inakamatika. Baadaye nilijifunza kwamba ubishi huo ni wa siku nyingi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2007 inamruhusu bailifu kuchukua mali ya mdaiwa tu, lakini watu huvutana juu ya gari lililolipiwa nusu: ni mali ya nani hasa?

Kilichonitisha zaidi kilikuwa kwenye mkataba wangu. Kulikuwa na kifungu kwamba gari likikamatwa kwa deni jingine, kampuni inaweza kuvunja mkataba. Yaani kuwaomba waliokoe kulikuwa ni kuwapa sababu ya kuninyang'anya. Nilisimama na simu mkononi hadi saa mbili kamili, walipofungua, nikapiga.

Mwanamke aliyepokea alinisikiliza hadi mwisho. Hakunitisha. Akatuma barua pepe kwangu na kwa ofisi ya bailifu: gari ni letu, lisivutwe wala lisiuzwe. Bailifu akaongea na wakubwa zake, akienda na kurudi kandokando ya barabara. Saa mbili na dakika arobaini akapiga magoti, akafungua klampu. "Deni liko palepale," akaniambia, na ilikuwa kweli. Yule bibi wa saa moja alipata dawa saa tatu na nusu. Hilo bado linaniuma.

Nilijaza fomu mbili za kituo cha mahakama cha Northampton kinachoshughulikia faini za magari, TE7 kueleza kwa nini nimechelewa na TE9 kutamka kwamba sikupata taarifa ya kwanza, nikaambatisha mkataba wa nyumba mpya. Kosa la anwani nililikubali. Lakini 65 kuwa 513 kwa mtu ambaye hajaona barua hata moja, hilo sitalikubali mpaka leo.

Jibu lilikuja Januari: amri ya mahakama ya kunidai imefutwa, faini irudi ilikoanzia. Ilikuwa barua ya kwanza ya shauri lote lile yenye anwani yangu sahihi. Nililipa pauni 130 siku ileile.

Jioni Mama akapiga simu, na kama kawaida yake akauliza, "Gari lako zima, mwanangu?"

Safari hii nilimweleza.