Siku moja kwenye chumba cha umeme, Jinja

Saa 12 asubuhi napokea zamu. Mwenzangu wa usiku anasinzia huku amesimama. "Kaka, usiku ulikuwa shwari kabisa," ananiambia, nami neno hilo silipendi hata kidogo.

Kiwanda chetu kinagandisha minofu ya sangara (hapa wanamwita mputa), na kazi yangu ni kuhakikisha kompresa tano, mashine zinazosukuma baridi, hazilali. Kwenye paneli kuukuu kuna mita ambayo vijana huicheka: kidirisha chenye ndimi za chuma zilizopangwa mstari, kila moja na ncha nyeupe. Ulimi wa 50 hutetema mpaka ncha yake inaonekana kama ukungu, majirani zake hutikisika kidogo tu. Hapo ndipo tunapotaka, hezi 50: hayo ndiyo masafa ya umeme, yaani mkondo unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde.

Saa 2 akaja binti wa mafunzo kazini. Nikamwonyesha mita, akauliza swali zuri: "Fundi, hitilafu ikitokea Kenya, sisi wa Jinja inatuhusu nini?"

Nikamwambia afikirie watu waliobeba jeneza. Mabwawa ya umeme ya Nalubaale hapa jirani na Karuma kule kaskazini, na mitambo ya Kenya tunayoshikana nayo kupitia Tororo, yote inatembea kwa hatua moja. Mmoja akiteleza, uzito unawaangukia waliobaki papo hapo, na wote wanapunguza mwendo. Hakuna anayesubiri kuambiwa.

Saa 4 na robo, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, taa zikafifia. Nikageukia mita. Ulimi wa 50 ulikuwa unalegea, wa 49 na nusu ukachachamaa, kisha wa 49. Halafu ghafla ukungu ule ukaruka kulia, ukapita 50, ukafika 51 na zaidi. Kontakta, swichi za sumaku zinazoshikilia umeme wa mota, zikaachia, tak, tak, tak, kompresa zikaanza kupungua sauti. Sekunde chache baadaye, giza.

Binti alishangaa kwa nini masafa yalipanda kabla umeme kukatika. Mimi nilivyosoma zile ndimi ni hivi. Mtambo mkubwa mahali fulani umejitoa. Umeme wetu ukakimbilia huko kuziba pengo, njia ya kuunganisha ikaelemewa, relei yake (kifaa cha kinga) ikaikata. Sasa upande wetu unazalisha kuliko unavyotumia, mashine za kufua umeme zinakwenda mbio. Nazo zina relei zake. Moja inajizima ijiokoe, nyingine inafuata, na ziada inageuka upungufu. Kila relei ilifanya kazi yake barabara, na nchi ikabaki gizani.

Jenereta ikawaka. Tukakaa mlangoni, nikamsimulia vile chanzo kinavyoweza kuwa kitu cha kuchekesha. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma ya kituo cha kufua umeme cha Gitaru, Kenya ikazimika nchi nzima. Tumbili alipona. Sisi yetu ilikuwa Aprili 2020: kisiwa cha majani kinachoelea ziwani kiliziba njia ya maji hapa hapa Jinja, Uganda ikalala giza.

Saa 5 na nusu umeme ukarudi. Bosi akapiga simu: "Washa zote, samaki wanaharibika!"

"Bosi, nipe dakika ishirini."

Hakufurahi. Lakini mota ikianza kuzunguka hunywa karibu mara sita ya mkondo wake wa kawaida. Kila kiwanda na kila friji ya mtaani vikianza pamoja, laini inaanguka tena. Najua kwa sababu mwaka jana niliharakisha, breka kuu (swichi ya kinga) ikaruka, tukapoteza saa nzima zaidi. Nikawasha moja, nikasubiri ulimi wa 50 utulie, nikaenda ya pili.

Saa 8, posho (ugali) na maharagwe. Hamna la kusimulia.

Alasiri nikaandika daftari. Binti alikuwa akisoma begani kwangu, akanyamaza, kisha akasema: "Lakini fundi, kontakta zetu ziliachia wakati masafa yanapanda. Si tuliongeza ziada?"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Umeme ukipungua, kujitoa kwetu ni msaada. Ukizidi, tunasukuma mlevi mgongoni. Sisi ni tone ziwani, ila ukanda huu wote una kontakta kama zetu, na zote zinaachia kwa pamoja. Nikaongeza mstari kwenye daftari: tuombe kifaa cha kuzichelewesha kuachia kwa sekunde moja au mbili. Jina la binti nikaliandika kando.

Saa 12 jioni mwenzangu akarudi, amenyoa, amechangamka. "Mchana ulikuwaje?"

"Soma daftari. Na kompresa ya tatu mkanda wake unalia, usiizime ovyo, ukiizima haitaki kuamka."