Bikari za kuazima

Mwaka 2015 nilikua fomu foo kwenye shule moja ya kata huku Newala, Mtwara, na ndo nilikua kaka mkuu, cheo ambacho kazi yake kubwa ni kugonga kengele na kuchukiwa na watu. Ni ile miaka ya amri ya Rais Kikwete kwamba kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, fizikia, kemia na baiolojia. Wazazi wamechangishwa mpaka basi, jengo likasimama, likapigwa rangi, ndani hamna kitu. Sa tukaambiwa mgeni anakuja kutoka wilayani kukagua.

Siku mbili hatukusoma. Tulifagia, tukapaka mawe chokaa, hadi mashina ya mikorosho tukayapaka. Jioni mwalimu wa kemia akashuka kwenye bodaboda kapakata gunia la korosho kama mtoto mchanga, ndani vyombo vya kioo vya maabara, bikari, bureti na testityubu, zimeviringishwa kwenye kanga za mkewe, kaazima sekondari ya jirani. Mi na dada mkuu tukapewa maelezo ya kukariri, kwa Kiingereza.

Mgeni kufika, kumbe mama mpole tu. Tukaanza na kile Kiingereza chetu, akatukatisha, "Wanangu ongeeni Kiswahili, mi mwenyewe nimechoka na safari." Afadhali!

Kwenye maabara ya kemia akasimama mbele ya sinki akaniambia, "Hebu fungua koki." Wanaoijua Newala hapo washaanza kucheka, maana huku juu ni mchanga mtupu, mvua ikinyesha yote inazama chini, visima utachimba mpaka ukome, maji ya bomba yanapandishwa kwa mashine toka bondeni na yakikatika yamekatika. Nikafungua. Fyuuu, upepo, halafu kakatoka kabuibui kakasimama kwenye ukingo wa sinki. Hedimasta akaanza kukohoa. Dada mkuu, yule dada alikua na kichwa chepesi jamani, akadakia, "Yanatoka Alhamisi mama."

"Alhamisi ya mwezi gani?"

Tulicheka wote kasoro hedimasta.

Halafu akaokota bikari moja, akaigeuza. Kwenye kitako kuna herufi za rangi ya kucha nyekundu, kifupi cha jina la ile shule ya jirani. Nikaziona, akaziona, akaniangalia, mi nikaangalia viatu vyangu ambavyo navyo nilikua nimeazima. Akairudisha mezani taratibu, kitako chini, akasema, "Haya, tupelekeni baiolojia."

Jioni nikatumwa mimi kurudisha gunia. Mwalimu wa kule nikamkuta ananisubiri njiani kabisa, akalifungua palepale, akahesabu moja moja.

"Zimetimia. Maana kesho anakuja huku." Akafunga gunia, akanisogelea. "Eti kijana, zile stuli zenu mpya mnazo ngapi?"