Kisanduku cha rangi na moshi wa mtaani

Mwaka 2023 jimbo letu la Minnesota lilipitisha sheria inayoitaka mamlaka ya mazingira, kabla ya kukipa kiwanda kibali, ipime kwanza jumla ya uchafu ambao wakazi wa pale tayari wanauvuta na kuukanyaga. Haihusu kila mtaa. Eneo linaingia iwapo asilimia 40 au zaidi ya wakazi si Wazungu. Au asilimia 35 ya kaya zina kipato kisichozidi mara mbili ya kiwango rasmi cha umaskini. Au asilimia 40 ya watu wa zaidi ya miaka mitano hawakijui Kiingereza vya kutosha. Au ni ardhi ya Wenyeji asilia. Sharti moja likitimia, yatosha.

Masharti hayo yanatuhusu sisi waziwazi. Kusini mwa Minneapolis, eneo la Phillips, tunaishi pamoja na Wenyeji asilia, Wasomali, Walatino na Wamarekani Weusi. Zamani palikuwa na kiwanda cha dawa za wadudu, na upepo ukatawanya sumu ya aseniki hadi kwenye bustani za nyumba za watu. Mwaka 2007 serikali kuu ililiingiza eneo hilo kwenye orodha ya sehemu zenye sumu mbaya zaidi nchini, ikachimba na kuondoa udongo wa mamia ya viwanja. Mikobani mwa watoto wa shule huku, inhela ya pumu ni kitu cha kawaida kama penseli.

Kwenye mkutano mmoja wa mtaa niliombwa kumsaidia mama mmoja wa Kivu Kusini kujaza fomu. Alifika kwenye swali la asili, kalamu ikasimama.

"Dada, mimi ni Mubembe. Hapa wananiweka wapi?"

Nikamwonyesha kisanduku cha Weusi. Akakitazama kwa muda mrefu. "Lakini hao ni Wamarekani, wana historia yao. Halafu kwetu mtu wa serikali akikuuliza kabila, ujue kuna jambo."

Sikumharakisha. Aliyekimbia vita ambamo jina la kabila lilitosha kumuua mtu ana haki ya kuliogopa swali kama hilo. Nikamweleza kwa nini rangi inatajwa kwenye mambo ya mazingira. Mwaka 1982, kaunti ya Warren, North Carolina, wakazi ambao wengi wao walikuwa Weusi walilala barabarani mbele ya malori yaliyobeba udongo wenye kemikali za sumu ziitwazo PCB, uliokuwa ukipelekwa kuzikwa kijijini kwao Afton. Walikamatwa zaidi ya 500, na udongo ukazikwa palepale. Lakini kutokana na mapambano yale mwanaharakati wa haki za kiraia Benjamin Chavis aliyapa mambo hayo jina: ubaguzi wa rangi wa kimazingira. Mwaka 1987 tume ya kanisa la United Church of Christ ilichapisha utafiti wa nchi nzima. Ukaonyesha kwamba kinachotabiri vizuri zaidi mahali lilipo dampo la sumu ni rangi ya wakazi, kuliko hata kipato chao.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuseme "maskini" tu, rangi tuiache. Ukilifuta neno hilo umefuta kile ambacho utafiti ulikikuta. Februari 1994 Rais Clinton alisaini amri ya haki ya kimazingira iliyoyataja yote mawili, jamii za wachache na watu wa kipato cha chini. Januari 2025 Rais Trump akaifuta. Sheria ya jimbo letu ingali inaitaja rangi, na mimi nataka ibaki hivyo.

Yule mama aliweka alama, kisha pembeni akaandika "Congo". Alifanya vyema. Viwango vya serikali kuu vya maswali ya rangi na asili, vilivyotolewa Machi 2024, viliweka chini ya Weusi visanduku vya Waafrika watatu tu: Wanigeria, Waethiopia na Wasomali. Sisi wengine wa Afrika tuliachiwa nafasi ya kuandika wenyewe, na tusipoiandika tunamezwa.

Linaloniuma zaidi ni swali la lugha. Kila mwaka Ofisi ya Sensa hutuma dodoso kwa kaya ilizozichagua, na humo kuna swali: unazungumza Kiingereza vizuri sana, vizuri, si vizuri, au huzungumzi kabisa? Wazee wetu, kwa kuogopa kudharauliwa, wanajibu "vizuri sana", ilhali daktari akiwaeleza dawa ya mjukuu wanaitikia tu. Aliyejibu hivyo hayumo tena kwenye ile asilimia 40 ya wasiojua Kiingereza vya kutosha. Na jibu la kweli halimpotezei mtu kazi wala makaratasi, kwa kuwa sheria inazuia majibu hayo yasipelekwe hata uhamiaji.

Dodoso likifika kwako, usimwachie mtoto alijaze peke yake akiwa na simu mkononi. Keti naye, na mkifika kwenye Kiingereza jibu mwenyewe, jinsi ulivyo.