Kigari cha kushulia boti: nilivyoachana na kuomba mabega ya watu

Boti yangu ina kilo 103. Najua kwa sababu niliipima mwenyewe kwa mzani wa mwani, ule wa kuning'iniza, chini ya mkorosho, huku nusu ya kijiji ikiniangalia kama niliyepandwa na kitu. Nitafika huko.

Mimi ni mkulima wa mwani Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo. Zamani sikuhitaji chombo. Spinosum, aina moja ya mwani, unaupanda kwenye maji ya magotini. Maji yakipwa unajifunga kanga kiunoni, unatembea mpaka shambani, unafunga, unavuna, unarudi. Mwenye maringo ni cottonii, aina ya pili. Bei yake ni nzuri zaidi, lakini hapendi joto. Jua la kaskazi likiyapasha maji ya kina kifupi, matawi yanageuka meupe, yanakatika, unabaki na kamba tupu mkononi. Dawa ni kumpeleka kwenye maji marefu, kamba zikaelea kwa chupa za plastiki, na huko huendi kwa miguu. Ndipo mimi na wenzangu wawili tukachanga tukanunua kiboti cha faiba cha mita nne, kimeshatumika, cha kupiga kafi.

Kukinunua kulikuwa rahisi kuliko kukifikisha majini.

Wenzangu bado wana spinosum, kwa hiyo kazi zetu zote tunazifunga siku za bamvua, zile zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwetu siku hizo maji hujaa alfajiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi. Kati ya kujaa na kupwa maji hushuka zaidi ya mita 3, na ufuko wetu umelala kama sinia, kwa hiyo yakishuka yanakimbia mbali. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na sababu mojawapo ni kina kifupi cha bahari hii, meli haziwezi kusogea. Wao walikuwa na pa kuhamia.

Saa moja asubuhi, sisi tunapotaka kuondoka, maji yameshatuacha. Na wanaume wenye mabega wameondoka tangu alfajiri, maji yakiwa bado juu. Ukiwapata waliobaki, kunyanyua boti ile kunahitaji watu sita, na mtu akitia bega lazima umpe kitu. Kwa mvuvi ni rahisi, anatoa kitoweo. Mimi nitampa nini, mwani? Kuiacha boti ikiwa imetiwa nanga usiku kucha tulijaribu mara mbili. Maji yakipwa inakaa juu ya mawe, na faiba ikisuguliwa na mawe unasikia mpaka kwenye meno.

Jirani yetu mmoja, mzee ambaye mtumbwi wake wa mwembe sijui una umri gani, alitushauri magogo ya mnazi. Unalaza magogo, chombo kinabiringika juu yake, la nyuma unalichukua unalipeleka mbele. Kwenye mchanga mkavu ni safi kabisa. Tatizo lilikuwa kwenye ule mchanga wa chini wenye tope, ambako gogo linazama na chombo kinalala. Halafu tupo watatu: wawili wanasukuma, mmoja anakimbia na magogo. Tulikuwa tunafika majini tumechoka kabla ya kazi.

Wazo la kigari nililipata kwa wauza maji wa mjini. Mtu mmoja anasukuma madumu ishirini kwenye mkokoteni, anaimba. Nikasema, ala, boti yangu haifiki hata nusu ya mzigo ule.

Kigari cha kwanza kilikuwa aibu. Nilimpa fundi wa kuchomelea nondo ya milimita 20 iwe ekseli, yaani chuma cha kushikia magurudumu, na magurudumu mawili ya toroli la ujenzi. Nikamwambia aweke ekseli katikati ya boti, kwa akili yangu kwamba katikati ndiyo katikati. Siku ya kwanza tukafunga boti, tukavuta. Kwenye mchanga mkavu magurudumu yakachimba mitaro miwili, kama tunalima. Tulipofika kwenye tope yakazama mpaka katikati, pale ekseli inapoingia. Tukasukuma kwa nguvu, nondo ikapinda kama upinde. Kurudi ndiyo ilikuwa vituko zaidi: tulikuwa na viroba vitatu vya mwani mbichi, tumevipanga tezini, yaani nyuma ya boti. Nilipofungua kamba ya nanga na kushika mkono wa kigari nivute, tezi ikashuka, omo, ile sehemu ya mbele, ikapaa, na mimi nikapaa nayo. Nilining'inia pale, miguu haigusi chini, vijana wanacheka wamekaa chini kwa kucheka. Mzee wa magogo hakucheka. Alisema tu, "Mwanangu, magogo hayaangushi mtu."

Mwanangu wa kidato cha pili ndiye aliyesema kosa si la chuma, kosa ni la mahali pa ekseli. Walikuwa wamefundishwa wenzo shuleni. Basi tukaazima mzani kwa mnunuzi wa mwani, tukauning'iniza kwenye tawi la mkorosho. Tukaweka gogo chini ya tezi, omo tukaifunga kwenye mzani: kilo 42. Tukageuza, omo juu ya gogo, tezi kwenye mzani: kilo 61. Kutoka pale palipofungwa mbele hadi pale palipokaa gogo nyuma ni mita 3.6. Kijana akachukua 61 akazidisha kwa 3.6, akagawanya kwa 103, akapata 2.13. Akapima mita 2.13 kutoka mbele, akachora mstari wa mkaa ubavuni mwa boti. Tukaweka gogo moja tu chini ya ule mstari, watu wakashikilia, wakaachia. Boti ikasimama inacheza kama mzani wa dukani, haiendi mbele wala nyuma. Hapo kicheko kikaisha.

Ekseli hatukuiweka juu ya mstari ule hasa. Ikikaa pale kabisa, boti inayumba mbele na nyuma kila ukipita shimo. Tuliirudisha nyuma karibu shubiri moja, mita 2.30 kutoka mbele. Hivyo omo inabaki na uzito kidogo wa kutulia mkononi, kilo saba na nusu hivi, kama ndoo ndogo isiyojaa. Nikivuta siibebi boti, naielekeza tu.

Magurudumu nayo nilibadilisha. Nilinunua matairi manne kuukuu ya bajaji, saizi 4.00-8, pamoja na ringi zake, kwa fundi wa bajaji. Mawili kila upande, yamebanana. Ekseli safari hii ni bomba nene la chuma. Juu yake mbao mbili zimechongwa kufuata tumbo la boti, nimezigongelea vipande vya zulia kuukuu ili faiba isisuguliwe. Boti inafungwa kwa mipira ya tyubu za baiskeli, ambayo ni bora kuliko kamba kwa sababu inabana yenyewe na mkono uliolowa unaifungua. Gharama zote, pamoja na ile nondo iliyokufa, hazikufika laki mbili na nusu. Tuligawana watatu.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nililigundua kwa bahati: tairi lisijazwe upepo. Siku moja tairi moja lilikuwa limelegea na upande ule ukawa mwepesi kuvuta. Nikatoa upepo kwa mengine mpaka nikibonyeza kwa dole gumba linaingia bila shida, na tairi likikaa na mzigo linatanda chini kama chapati. Tairi gumu linakata mchanga, lililolegea linapita juu yake. Kwenye vile vipande viwili vya tope, ambavyo havijali upepo wala dua, tunatandika makuti. Yanaachwa pale pale. Bahari ikiyachukua, makuti hayaadimiki.

Sasa kushua. Tunakwenda tezi mbele, mimi nikiwa nyuma nimeshika mkono wa kigari upande wa omo, wenzangu ubavuni. Lazima uingie kwenye maji mpaka yafike mapajani, kwa sababu chini ya boti kuna urefu wa kigari chenyewe. Ufukoni kwetu kufika maji ya mapaja ni safari nyingine baada ya safari. Boti ikianza kucheza unafungua mipira, boti inaelea, kigari unakivuta kirudi nyuma.

Ndivyo nilivyodhani. Matairi manne yenye upepo, hata kidogo, ni maboya manne. Boti ilipoelea, kigari kikaelea nayo, kimeng'ang'ania tumbo kama kupe. Tunavuta, hakitoki, tunasukuma boti, inakwenda nacho. Mwisho mwenzangu mmoja alipiga mbizi na kanga yake akakikalia. Siku hizi nina kiroba cha mchanga cha kilo kama kumi na tano kinachoning'inia kwenye ndoano mbele ya ekseli. Kigari kinabaki chini kwa adabu. Kusi ikivuma na kuna mawimbi, tunageuza, omo inatangulia, maana wimbi likipiga tezi ya kiboti kifupi maji yanaingia ndani. Lakini ndani ya ghuba yetu siku za namna hiyo si nyingi.

Kigari kimeshanipotea mara moja. Tulishua saa moja asubuhi, nikakivuta nikakiacha palepale ukingoni mwa maji, bila kiroba, nikijua maji yanashuka. Siku ile yalipwa kabisa saa nne na nusu. Hesabu ilikuwa wazi kama ningeifanya: tumeondoka saa tatu na nusu kabla ya kupwa, kwa hiyo saa tatu na nusu baada ya kupwa maji yatakuwa yamerudi palepale. Yaani saa nane mchana. Sisi tulirudi saa tisa na robo, kamba zilikuwa zimesokotana. Ukingo umepotea, kigari hakipo. Kilikuwa kimeelea kikaingia kwenye mikoko, vijana wakakiona, wakakikalia, wakataka soda. Nilitoa soda. Sasa nakifunga kwa kamba ndefu kwenye kigingi, kiroba kikiwa juu yake, na dumu la njano linaelea kuonyesha kilipo. Na kila siku ya bamvua natazama saa, nikikumbuka kwamba kesho maji yatachelewa kama dakika 50.

Kurudi ni nafuu. Saa tisa maji yameshapanda, yamesogea karibu na nyumba, njia ya kuvuta ni fupi. Viroba vya mwani siviachi vyote ndani. Mwani mbichi ni maji matupu, ukikauka unabaki na sehemu ndogo tu ya kilo ulizobeba. Viwili navilaza juu kabisa ya ekseli, vingine vinabebwa kichwani.

Lililonishinda kwa muda mrefu ni chumvi. Beringi zilizokuja na ringi zilidumu miezi miwili, zikaanza kulia, kisha moja ikasagika kabisa ikabaki unga mwekundu. Mzee alipita siku ile, akatazama, akasema, "Magogo hayaombi girisi." Alikuwa na haki, sina la kumjibu. Fundi alizitoa zote akaweka vipande vya bomba la maji la plastiki nene, vimepita juu ya ekseli, vimepakwa girisi. Havizunguki laini kama beringi, lakini mwendo wetu ni wa mguu, si wa barabara. Vikilika nakata vingine kwa msumeno, kazi ya nusu saa. Na kila tukirudi nakimwagia kigari ndoo mbili za maji ya kisima kabla ya kula. Kabla ya kula, maana baada ya kula simwagi kitu.

Vijana waliokuwa wakitia mabega wamelalamika kidogo kwamba nimewakatia riziki. Si uongo kabisa. Ile soda ya kigari nimeigeuza kuwa desturi: mwisho wa bamvua, mwani ukiuzwa, nanunua za wote waliokuwepo.

Mwezi uliopita mzee alikuja jioni na fimbo yake. Akapokea shikamoo yangu, akaulizia watoto, akaulizia mwani, akazunguka maneno, mwishowe akasema mtumbwi wake una ufa na anataka kuupandisha kwa fundi, na kwamba kile kimkokoteni changu kama hakina kazi kesho. Mbao zetu zimechongwa kwa tumbo la boti ya faiba, mtumbwi haukukaa vizuri, tukajaza pengo kwa magunia. Ulipanda. Kigari alikirudisha baada ya siku tatu, kimejaa chumvi na tope, hakikuguswa na tone la maji ya kisima. Nikasema ahsante babu, nikakiosha.